Tupeane uzoefu: gari la biashara, wese na kodi kwa sisi tuliojiajiri juzi juzi (Arusha na Moshi)

Kirikuu wa Sakina

Wakuu habari za jioni. Mwaka jana mwezi wa nane niliacha kazi ya mauzo kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla hapa Arusha. Nikachukua akiba ya kikoba, nikaongezea na kidogo nilichokuwa nacho, nikanunua kirikuu (kapikapu kadogo ka mizigo) used kwa milioni 12. Nachukua karoti, hoho na viazi Ngaramtoni na Tengeru, nawapelekea mama lishe na hoteli ndogo za mjini.

Nilipokuwa nimeajiriwa kodi sikuijua, ilikatwa juu kwa juu. Gari nilipewa, wese nilijaziwa, tairi ikiisha nampigia bosi simu. Sasa bosi ni mimi, na nimegundua gari linakula hata likiwa limelala.

Kilichonifanya nifungue uzi ni boksi la biskuti. Tangu siku ya kwanza nilitunza humo kila risiti: wese, oili, bushi, plagi, mpaka ya kuosha gari. Mtu aliniambia risiti zikiwa nyingi kodi inashuka. Nikaenda nalo kwenye makadirio ya kodi nimelikumbatia kama mtoto. Swali nililoulizwa lilikuwa moja tu: mauzo yako kwa mwaka yatakuwa kiasi gani? Nikasema kama milioni 48. Ikapigwa asilimia 3.5, ikaja 1,680,000, nikapewa control namba ya kulipia awamu ya kwanza. Boksi sikulifungua hata.

Kwa hiyo naomba uzoefu wenu, wenye kirikuu, Noah, Probox, pikipiki. Mnafanyaje?

Mama Ndizi Kiboriloni

Pole mwanangu, boksi lako lina nafuu. Mimi zangu nilikuwa nazipanga kwenye dashibodi ya Noah. Jua la Moshi unalijua. Siku mhasibu aliponiambia nizilete, nikamkabidhi rundo la karatasi nyeupe, maandishi yote yameruka. Zile risiti za mashine hazipendi joto kabisa. Siku hizi nikitoka kituo cha mafuta napiga picha hapo hapo kabla sijawasha gari, na ya karatasi inaingia kwenye bahasha ya mwezi wake, ndani kabatini. Tena mhasibu alinionya nisitupe chochote kabla ya miaka mitano.

Mangi wa Hesabu

Kirikuu, nafanya hizi kazi hapa Moshi, ngoja nikueleze taratibu maana wengi mnaumia hapa.

Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka anatozwa kwa mauzo. Kuanzia milioni 11 kwenda juu mpaka hiyo 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo yote. Umeuza 48, unalipia 48, hata kama wese limekunywa nusu ya faida. Mfumo huo hauulizi gharama, ndiyo maana boksi halikufunguliwa.

Lakini sheria inakuruhusu kuukataa utaratibu huo na kuomba utozwe kwa faida, kwa viwango vya mtu binafsi. Hapo boksi linapata kazi. Tuchukulie mzigo umenunua kwa milioni 33, gari na gharama nyingine milioni 9, imebaki faida ya milioni 6. Kwa mtu binafsi 3,240,000 ya kwanza kwa mwaka haina kodi. Inayofuata mpaka 6,240,000 ni asilimia 8. Kwa hiyo unatozwa kwenye 2,760,000, inakuja 220,800. Linganisha na 1,680,000.

Na bado kirikuu chenyewe hatujakigusa. Magari madogo yanashushwa thamani kwa asilimia 37.5 kila mwaka, ya thamani iliyobaki, na huko kushuka nako kunahesabika gharama. La milioni 12, mwaka wa kwanza ni 4,500,000, wa pili unaanzia kwenye 7,500,000, hivyo hivyo kwenda mbele. Marejesho ya mkopo wa gari yenyewe si gharama, watu wengi wanachanganya hapo. Riba ndiyo inayohesabika.

Jambo moja zaidi kwako. Ule utaratibu wa mauzo ni wa mtu ambaye kipato chake cha mwaka huo ni cha biashara peke yake. Wewe mpaka mwezi wa nane ulikuwa na mshahara. Mwaka ule wa kuacha kazi ulitakiwa ukae chini na mtu wa hesabu kabla hujakadiriwa.

Kirikuu wa Sakina

Aisee Mangi, hiyo ya mwisho imenipiga kichwani. Lakini niambie kitu kimoja. Mkulima wa Ngaramtoni, ana gunia tatu za karoti pembeni ya barabara na mtoto mgongoni, atanipa risiti ya mashine?

Mangi wa Hesabu

Hatakupa. Na hapo ndipo wengi wanarudi kwenye 3.5. Ile milioni 33 ya mzigo usipoweza kuionyesha, faida yako kwenye karatasi itakuwa milioni 39 na utalia zaidi. Kiwango cha juu ni asilimia 30, na kinaanza faida ikivuka milioni 12 kwa mwaka.

Wateja wangu wa mazao nawaambia wawe na kitabu cha malipo: tarehe, jina la mkulima, simu, kijiji, gunia ngapi, bei, sahihi au dole gumba. Na walipe kwa simu inapowezekana, muamala ubaki. Haina nguvu kama risiti ya EFD, ile ya mashine, na afisa anaweza kuihoji, lakini ni tofauti na kwenda mikono mitupu. Piga hesabu zote mbili kabla mwaka haujaanza, na mhasibu naye anakula, mweke kwenye hesabu. Kuna wateja nimewaambia wabaki kwenye mauzo, wanauza vitu vyenye faida nene na gari ni la kwenda nalo benki tu.

Fundi Sola

Mimi niko kwenye faida huu mwaka wa pili. Nafunga sola Usa River, Kikatiti, Monduli, vifaa nanunua dukani kwa risiti, kwa hiyo sina shida ya mkulima.

Shida yangu ilikuwa nyumbani. Probox ni hiyo hiyo ya kazi, ya kanisani, ya kupeleka watoto shule, ya msiba wa Rombo. Mhasibu akaniuliza asilimia ngapi ni ya kazi, nikajibu bila kupepesa: tisini. Akanipa daftari la shilingi elfu moja, akasema andika kilomita za kuondoka na za kurudi, na umekwenda wapi, miezi mitatu. Nikaandika kwa uaminifu, Mungu shahidi. Ikatoka sitini na nane. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, maana ugomvi wetu wa kila siku ulikuwa mimi kusema gari ni la kazi.

Sasa wese, sevisi, bima, tairi, na ule ushukaji wa thamani, vyote tunachukua kwa asilimia hiyo. Kama ni hiyo milioni 12 yako, kwa sabini ungechukua 3,150,000 badala ya 4,500,000. Inauma lakini nalala usingizi. Msiba wa Rombo ni wa kwangu, hauhusiani na sola.

Chalii wa Njiro

Nyie mnaongelea kodi, mimi ngoja niseme ya namba za gari. Nilinunua Noah namba za njano, za gari binafsi, nikawa nabeba mizigo ya watu ya kukodi, leo makochi, kesho jenereta. Trafiki akinisimamisha nasema ni vitu vya shangazi. Shangazi yangu alihama mara kumi na nne mwaka ule.

Siku nikagongana na pikipiki maeneo ya Kisongo, na friji la mteja liko nyuma. Bima niliyokata ilikuwa ya gari binafsi. Kampuni ikauliza mzigo wa nani, dereva wa bodaboda akasema ukweli, fidia ikakataliwa. Nikamlipa mwenye friji, nikamtengenezea kijana pikipiki, nikaacha Noah gereji miezi miwili. Kama unabeba vya watu kwa malipo, badilisha iwe namba nyeupe ya biashara, kata bima ya biashara, fuata leseni ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini. Na kwa wabebaji wa abiria na mizigo ya watu, kodi inaenda kwa chombo, kwa aina na ukubwa wake, si kama ya Kirikuu anayebeba karoti zake mwenyewe.

Mangi, zile faini zangu za barabarani naweza kuziweka kwenye gharama?

Mangi wa Hesabu

Huwezi. Faini ya kuvunja sheria haipunguzi kodi. Na "ya soda", ile hongo ya trafiki, ndiyo usiitaje kabisa.

Mama Ndizi Kiboriloni

😂😂 Chalii umeninyonga na shangazi.

Mimi niongeze la pesa yenyewe. Kodi ya awamu inakuja mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Machi ya kwanza ilinikuta nimetoka kununua tairi nne, nikakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kulipa kodi. Sirudii. Sasa nina laini ya pili ya simu, kila Jumamosi nikifunga soko naweka humo elfu thelathini na tano ya kodi, na elfu ishirini ya gari. Ya gari nimeitenga peke yake kwa sababu shokapu haina tarehe. Na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei mpya za mafuta naangalia. Ikipanda, Alhamisi naongea na wateja wangu wa Himo mapema. Zamani nilikuwa nameza mwenyewe kwa aibu.

Kirikuu wa Sakina

Mama, laini ya pili naisajili kesho. Mangi nakuja inbox, nataka kupanda Moshi Jumatatu na hesabu za mwaka ule wa kuacha kazi.

Daftari nimeshanunua, nimelifunga kwa mpira kwenye kioo cha juu. Mstari wa kwanza, leo: "Sakina hadi Tengeru na kurudi, viazi gunia sita." Mstari wa pili: "Tengeru hadi Moshono, shemeji kaomba lifti na kabati lake, hajachangia wese." Huo nimeuandikia pembeni: binafsi.