Mwalimu wa tuisheni kamkosesha mdogo wangu swali alilopata, na hataki kurekebisha!

Wakuu, nipo Mikindani na tangu jana jioni sijatulia.

Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Likizo hii mzee kamlipia tuisheni mjini Mtwara kwa hela ya korosho, na mnajua korosho inavyotutoa jasho mpaka ifike mnadani. Jana dogo karudi na karatasi ya jaribio, swali la 4 limepigwa alama ya X nyekundu mpaka karatasi imechanika. Sifuri kati ya maksi 10.

Swali lilisema: tafuta polinomia ya daraja dogo kabisa yenye mizizi 1/2 na 3 + √2, namba zote za mbele ya x na ile ya mwisho ziwe namba kamili. (Mizizi ni zile thamani za x zinazoifanya polinomia iwe sifuri; daraja ni kipeo kikubwa kabisa cha x.)

Dogo kaanza na x − 3 = √2, akapandisha kipeo cha pili pande zote, akapata x² − 6x + 7. Hapo ndipo penye akili ya swali lenyewe, maana 3 − √2 lazima nao uwe mzizi, la sivyo ile √2 haiondoki. Kwa 1/2 kaandika 2x − 1. Akazidisha:

2x³ − 13x² + 20x − 7

Nimeihakiki mwenyewe usiku. Weka x = 1/2: 0.25 − 3.25 + 10 − 7 = 0. Safi kabisa.

Sasa jibu la mwalimu: x³ − 6.5x² + 10x − 3.5. Wakuu, 6.5 ni namba kamili toka lini? Mizizi ni ileile, sikatai, lakini sharti la swali kalivunja yeye aliyelitunga! Mara mbili ya jibu lake ndilo jibu la dogo.

Nimempigia. Kanijibu, "Kaka, karatasi yangu ya majibu haina hiyo 2 ya mbele," akakata simu. Hakuuliza hata binti kaipataje.

Kinachoniuma zaidi, leo asubuhi nimemkuta dogo anafuta kazi yake kwa ufutio ili anakili ile ya 6.5. Nimemnyang'anya daftari.

Jumatatu napanda daladala na karatasi hii mkononi. Nataka maksi 10 zirudi, na awaambie wanafunzi wote walionakili ile 6.5 kwamba imekosewa. Waliosoma tuisheni huku Mtwara na Lindi, yamewahi kuwakuta haya?