Naomba ushauri: kuifasiri picha ya mzee wa kaya

Ndugu zangu, naomba msaada wa kuifasiri picha ya rangi za mafuta ya mzee wa Kigiriama wa kaya (makazi matakatifu ya Wamijikenda yaliyo msituni), ambayo natakiwa kuiandikia maelezo ya maonyesho. Nyuma yake vimesimama vigango viwili (nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wazee waliofariki), na katikati mchoraji ameacha shimo lenye udongo mwekundu uliofukuliwa karibuni. Naliona kuwa la kigango kilichoibwa, kwani vigango vingi viliibwa vikaishia katika makumbusho ya Marekani, jambo linaloniuma sana. Lakini mzee ameligeuzia shimo mgongo, macho yake yakiuelekea msitu. Je, anaonyeshwa kama mlinzi wa misitu ya kaya, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, au mgongo huo una maana nyingine kimila? Wenyeji wa Kilifi, tafadhali nielekezeni.