Nilipeleka maka yangu ya peintiboli ichongwe na kupendezeshwa, nimerudishiwa chombo kisichofaa kuingia uwanjani

Ndugu wanajukwaa,

Nimengoja wiki tatu kabla ya kufungua uzi huu, kwa sababu sikutaka hasira inisemeshe neno ambalo nitashindwa kulithibitisha. Hasira yenyewe haijapungua. Ninaishi Columbus, Ohio, ambako tupo Waswahili kadhaa, wengi kutoka Kongo na Tanzania, tunaocheza peintiboli, mchezo wa kufyatuliana vidonge vya rangi, pamoja Jumamosi za kiangazi, na wenzangu watatu walikuwa wakisubiri kuiona maka yangu, yaani bunduki ya mchezo huo, ikirudi ndipo wapeleke za kwao mahali hapo hapo. Karakana sitaitaja kwa jina, maana madai yangu ya kurudishiwa fedha bado hayajafungwa. Nitaeleza yaliyofanyika, na kila ninachokieleza nina picha yake au kipimo chake.

Maka hiyo ni Autococker ya zamani, iliyotoka kwa Worr Game Products, kampuni ya Bud Orr huko California. Asiyewahi kuifungua hudhani kwamba vyuma vile vidogo vilivyopangana mbele yake, pamoja na mipira myembamba ya hewa inayoviunganisha, ni mapambo. La hasha, vyuma hivyo ndivyo mashine yenyewe. Ukivuta kifyatulio, nyundo huachiwa kwanza, ikagonga valvu na kidonge cha rangi kikatoka. Ukiendelea kukivuta, kifimbo chembamba husogeza valvu ya njia tatu iliyo mbele, hewa ya shinikizo dogo ikaingia upande wa pili wa pistoni, na pistoni hiyo ikairudisha bloku ya nyuma ili nyundo ikokwe upya na kidonge kingine kishuke. Mambo hayo mawili lazima yafuatane kwa mpangilio, tena kwa tofauti ndogo sana ya mwendo wa kidole. Kwa hiyo anayegusa skrubu moja ya nje kwa nia ya kuipendezesha maka ya aina hii, ameugusa mpangilio huo, apende asipende.

Nililoomba liliandikwa kwenye karatasi, nikatia saini na wao wakatia. Skrubu za chuma cheusi zilizokuwa zimeanza kushika kutu zibadilishwe, ziwekwe za chuma kisichoshika kutu zenye vichwa vilivyolala. Shingo ya kuingizia vidonge ifupishwe. Ubavuni pachongwe mifereji miwili isiyo ya kina. Kisha mwili, bloku zote mbili na mpini vipigwe anodaizi nyeusi isiyong'aa, ya rangi moja. Gharama ilikuwa dola 380, nusu ikitangulia. Nilielezwa kwamba kazi itachukua wiki sita, nayo ikachukua miezi mitano.

Mifereji ilichongwa vizuri, na hilo nalisema kwa haki. Shingo mpya nayo haina kasoro.

Tatizo lilianzia kwenye anodaizi. Anodaizi si rangi ya kupaka kwa brashi wala ya kupuliza. Alumini hutumbukizwa katika asidi ya salfuriki na kupitishiwa umeme, ikajijengea juu yake tabaka gumu lenye vinyweleo. Rangi huingia katika vinyweleo hivyo, kisha huzibwa kwa maji ya moto. Kabla ya hapo tabaka la zamani huondolewa, mara nyingi kwa magadi makali, na magadi hayo hayajui kutofautisha tabaka na alumini iliyo chini yake: yakishamaliza la kwanza huendelea na la pili. Ndiyo maana fundi makini huziba matundu yenye hesi, huziba bomba ambamo bolti, kile kipande kinachosukuma kidonge mbele, hupita, na husimama na saa mkononi. Wa kwangu hakufanya hata moja kati ya hayo. Kabla ya kuipeleka, bolti yangu iliteleza ndani ya bomba la juu bila kucheza hata kidogo. Sasa ukiishika kwa vidole unaisikia ikigonga huku na huku. Skrubu inayoshikilia bloku ya mbele, ambayo ina tundu katikati kwa sababu hewa ya kwenda kwenye regyuleta (kipunguza shinikizo) hupitia humo humo, sasa inazunguka katika hesi zilizoliwa na haikazi. Hewa inavuja hapo, na oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) mpya tatu nilizozijaribu hazikusaidia.

Rangi yenyewe imetoka mbili. Mwili ni mweusi, lakini bloku ya nyuma imekuwa ya kahawia inayoelekea zambarau ukiiweka juani. Kila aliyewahi kufanya kazi hii anajua kwamba alumini ni mchanganyiko, na kwamba michanganyiko tofauti haipokei rangi kwa namna moja, hata ikitumbukizwa katika beseni moja kwa muda mmoja. Ndiyo sababu mteja huulizwa kila kipande kimetoka wapi, na kipande chenye shaka hujaribiwa mahali pasipoonekana. Mimi sikuulizwa chochote. Isitoshe, walisahau skrubu ndogo ya chuma ndani ya mpini, wakautumbukiza mpini ukiwa nayo. Skrubu hiyo imeliwa na asidi hadi haina kichwa, na tundu lake limezungukwa na doa la kijivu ambalo haliondoki.

Sasa naja kwenye skrubu, jambo lililonifanya nisilale usiku ule nilipoifungua. Mpini wa Autococker hushikwa na skrubu za kipimo cha Kimarekani, 10-32, yaani zenye kipenyo cha takribani milimita 4.83 na hatua ya hesi ya milimita 0.794. Wao waliweka M5, ya kipimo cha metriki, ambayo kipenyo chake ni milimita 5 na hatua yake ni 0.8. Ukiangalia kwa macho huoni tofauti, na mizunguko ya kwanza huingia bila ubishi, lakini baada ya hapo chuma kigumu huanza kujikatia njia yake katika alumini laini, na anayekaza huhisi ugumu huo mkononi. Fundi aliyekaza skrubu hizo aliuhisi. Hakuna namna ambayo hakuuhisi. Aliendelea kukaza, na nilipozitoa zilitoka na vipande vyembamba vya alumini vikiwa vimejisokota kwenye hesi zake. Ile ya nyuma ilikuwa pia ndefu kuliko ya asili, ncha yake ikachomoza ndani ya bomba la chini na kuichubua nyundo kila ilipopita.

Vichwa vilivyolala niliviomba mwenyewe, nami ninakubali kwamba vina udhaifu wake. Tundu la kichwa cha namna hiyo lina kina kidogo na hupokea alenki (ufunguo wa pembe sita) ndogo zaidi; kwa 10-32 ni inchi 1/8 badala ya 5/32 ya kichwa kilichosimama, hivyo hulika haraka. Lakini hilo ndilo lililopaswa kumfanya fundi atumie alenki nzuri na mkono mwepesi. Skrubu mbili zimerudi matundu yake yakiwa yamekuwa duara, na hakuna hata moja iliyopakwa mafuta ya kuzuia chuma na alumini visishikane kwa kutu.

Maka ikaunganishwa bila kupangwa upya. Nilipoifyatua mara ya kwanza, nikiwa nimevaa barakoa na pasipo mtu mbele yangu, bolti ilikuwa ikirudi nyuma kabla hewa haijaisha kutoka, hivyo hewa ikapanda kupitia shingo na kuvisukuma vidonge juu badala ya kuviacha vishuke. Kidonge cha tano kilikatwa katikati. Nilijaribu kupanga mwenyewe, nikaipeleka uwanjani ili ipimwe mwendo. Kwa vidonge vile vile vya inchi 0.68 kutoka mfuko mmoja, kipimo kilitoa futi 251 kwa sekunde, kisha 309, kisha 270. Viwanja vingi, na wetu ukiwemo, haviruhusu kuzidi 300. Msimamizi akanizuia kuingia, na alifanya sawasawa.

Kuna jambo moja zaidi, nalo sikuliomba kabisa. Niliwaachia mtungi wangu wa hewa, wa alumini, wa psi 3,000 (pauni kwa inchi ya mraba) kwa sababu moja tu, waujaze na kuijaribu maka kabla ya kunirudishia. Kwenye mtungi huo nilikuwa nimechora mstari wa rangi unaoanzia kwenye valvu na kushuka hadi shingoni mwa mtungi. Wachezaji wa siku nyingi wanajua kazi ya mstari huo. Hapa Marekani watu wamepoteza maisha kwa sababu walidhani wanaufungua mtungi kutoka kwenye maka, kumbe valvu ndiyo iliyokuwa ikifunguka kutoka kwenye mtungi, na mtungi uliojaa ukaruka kama kombora. Mstari ukiachana, unajua valvu imezunguka, na unaacha mara moja. Wao waliung'arisha mtungi mzima ili ufanane na kazi yao, wakaufuta mstari, na hawakuniambia. Niligundua mwenyewe nikiwa tayari nimeushika mkononi kuukaza. Nimeupeleka kwa mtaalamu wa mitungi aukague, nami sitaujaza kabla hajanipa jibu kwa maandishi.

Nilipowaandikia, jibu lao lilikuwa kwamba wao hufanya kazi ya mwonekano na hawatoi dhamana ya utendaji. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi. Mtu anayefungua bloku ya mbele, anayetumbukiza bomba la bolti katika magadi na kubadilisha skrubu zinazoshikilia mpini uliobeba kifyatulio, hawezi kudai kwamba ameugusa uso tu. Angekataa kazi hiyo nilipompelekea karatasi, ningemshukuru na kwenda kwingine.

Ninachodai ni hiki: dola 380 zote, gharama ya mwili mwingine wa Autococker katika hali nzuri, ambao kwa matoleo ya zamani hupatikana kwa waliotumia tu, pamoja na skrubu zangu za awali, ambazo hadi leo hazijarudishwa ingawa karatasi inasema kila kilichotolewa kitarudi ndani ya mfuko. Nimewapa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nitapeleka shauri kwenye mahakama ya madai madogo ya hapa mjini, na vipimo vyote nimevichapisha tayari.

Kwa mwanajukwaa yeyote wa Ohio au majimbo jirani ambaye mwaka huu amepeleka maka kuchongwa au kupigwa anodaizi, ninaomba atoe skrubu moja ya mpini, aijaribu kwenye nati ya 10-32 anayoiamini, kisha aandike hapa matokeo. Skrubu ikigoma kuingia, tafadhali asiikaze tena mahali pake, na aniandikie faragha aniambie ni karakana gani.