MREJESHO: Shule kufunguliwa nusu, nami kazini kutwa

Habari zenu. Oktoba 2020 niliwauliza nifanyeje, maana shule hapa Kenya, zilizofungwa Machi kwa sababu ya korona, zilifunguliwa tarehe 12 kwa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne pekee. Kifungua mimba wangu alirudi. Wadogo zake wa Gredi ya Kwanza na ya Pili wakabaki nyumbani, na mimi hutoka saa kumi na mbili asubuhi. Asanteni sana nyote mlionijibu.

Kilichotuokoa ni ushauri wa kuungana na majirani. Familia tatu za ploti yetu tulichanga, tukamlipa dada mmoja awaangalie watoto wote watano, kila mzazi akiacha chakula cha mchana cha wanawe. Wiki ya pili tulikwaruzana kuhusu malipo, tukakubaliana yatolewe kila Ijumaa bila kukosa. Mkitaka kufanya hivi, lizungumzeni hilo kabla ya kuanza.

Kuomba kubadilishiwa zamu kuligonga mwamba, mara mbili. Masomo ya redioni yalimfaa wa Gredi ya Pili nilipoketi naye tu. Wa Gredi ya Kwanza hakushika kitu. Alisahau hata silabi alizokuwa akizisoma Machi kabla shule hazijafungwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tarehe 4 Januari 2021 wote walirudi darasani. Mwalimu wake ameanza naye silabi upya, nami humsomesha nusu saa kila jioni. Jana alisoma "kikombe" peke yake.