Honda CG125 iliyolala stoo: kuiamsha ilivyo, kufanya ovahoo, au kufunga injini mpya ya Kichina?

Bonde_la_Mvomero (Morogoro)

Wanajukwaa, salaam. Baba amenikabidhi Honda CG125 ya volti 6, yenye platini (swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche), ambayo imesimama stoo tangu mwaka 2014 ikiwa na petroli ndani ya tangi. Kiki haishuki hata kidogo, tangi lina kutu na tairi zimepasuka pembeni. Nimepewa ushauri wa namna tatu: kusafisha tangi na kabureta kisha kuiwasha na injini yake kama ilivyo, kufanya ovahoo, yaani kufungua injini yote, kuchonga silinda na kuweka pistoni na ringi mpya, au kuiondoa injini hiyo na kufunga mpya ya Kichina. Ninahitaji pikipiki ya kunipeleka shambani na kunirudisha salama. Naomba wenye uzoefu mnilinganishie.

Spana_Kumi (Dodoma)

Mimi ningefunga injini mpya. Pikipiki nyingi za Kichina zinazofanya kazi ya bodaboda hutumia injini iliyonakiliwa kutoka CG125, hivyo kuikalisha kwenye fremu yako hakutamsumbua fundi mzoefu, na spea zake zinapatikana karibu kila mji. Utaachana na platini upate CDI (kifaa cha kielektroniki kinachotoa cheche badala yake), na utahama kutoka volti 6 kwenda volti 12, jambo ambalo peke yake litakupa taa ya maana usiku. Ovahoo nayo inamtaka fundi mashine anayepima silinda kwa vipimo halisi, na kusema kweli wengi huchonga kwa kukisia.

Mzee_wa_Kabureta (Arusha)

Ndugu Spana, hoja ya spea ni ya kweli, lakini inaunga mkono upande wa pili. Honda ilianza kutengeneza CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kubadilishiwa oili kwa kuchelewa. Ndiyo maana vali zake huendeshwa kwa fimbo, bila cheni ya kamshafti inayolegea. Kwa kuwa nakala zake zimejaa sokoni, injini ya asili nayo inaweza kupata ringi, gasketi na sahani za klachi kwa urahisi, mradi fundi alinganishe vipimo kabla ya kununua. Kuitupa kabla ya kuipima ni hasara.

Mwanangu wa Mvomero, kiki kukataa kushuka hakuthibitishi kwamba injini imekufa. Mara nyingi ringi zimeshikwa na kutu nyepesi kwenye ukuta wa silinda. Toa plagi, mimina oili nyepesi kidogo kupitia tundu lake, uiache siku kadhaa huku ukiongeza. Kisha weka gia ya juu kabisa, ushike gurudumu la nyuma na ulisukume mbele na nyuma polepole. Usiisimamie kiki kwa uzito wa mwili, kwa sababu ringi iliyonata huvunjika na kukwangua silinda, na hapo ovahoo inakuwa ya lazima.

Ikishazunguka, pima mgandamizo, yaani shinikizo la hewa ndani ya silinda. Ukiwa mzuri, rekebisha nafasi ya vali iwe milimita 0.08 injini ikiwa baridi, safisha platini, mwaga oili ya zamani na usafishe chujio la wavu lililo ndani. Oili mpya iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa maana klachi yake huogelea katika oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Mgandamizo ukiwa mbaya hata baada ya injini kuzungushwa na kulainika, ndipo ufungue. Kwa hiyo kwangu njia ya kwanza na ya pili hazipingani: ya kwanza ndiyo inayokuambia kama ya pili inahitajika.

Rift_Magurudumu (Nakuru)

Kuna jambo ambalo halijaguswa. Njia zote tatu zinahusu kuifanya pikipiki iende, ilhali ya kukuua ni ile isiyosimama. Fungua ngoma za breki zote mbili. Baada ya miaka mingi, liningi (bitana inayosuguana na ngoma) huweza kubanduka kwenye shuu zake na kulikwamisha gurudumu ghafla ukiwa mwendoni. Usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa kompresa, maana liningi za zamani huweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Tairi na tyubu badilisha bila mjadala, na hata hizo mpya uzisome ubavuni kabla ya kulipa: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014.

Kuhusu injini mpya, ukiibadilisha, namba ya injini inabadilika. Hapa Kenya mabadiliko hayo hupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Kwenu sijui mlolongo, wa Tanzania watakueleza.

Bonde_la_Mvomero (Morogoro)

Shikamoo Mzee wa Kabureta, na ahsanteni nyote. Nimeshawishika kuanza na injini iliyopo, na fedha ya awali itakwenda kwenye breki na tairi. Limebaki tangi. Fundi mmoja ameniambia nilijaze kokoto na kulitikisa, mwingine siki, na wa tatu umeme wa betri na magadi soda.

Koki_na_Jeti (Tanga)

Kokoto hukwangua kutu ya juu lakini hazifiki kwenye pembe, na hubaki ndani. Umeme na magadi hufanya kazi vizuri sana, ila hutoa haidrojeni inayolipuka, kwa hiyo ni kazi ya nje, mbali na moto, na chuma cha kutolewa kafara (kile kinachotumbukizwa ndani kiliwe na umeme badala ya tangi) kisiwe chuma cha pua. Kwa mtu anayeanza nashauri siki. Toa koki ya petroli, ziba tundu lake, jaza tangi mpaka mdomoni na uliache siku moja au mbili. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, likaushe papo hapo, kisha zungusha petroli iliyochanganywa na oili, maana chuma kilichosafishwa hushika kutu upya ndani ya saa chache. Likionyesha vitundu, usimruhusu mtu kulichomelea likiwa na harufu ya petroli; tafuta jingine.

Jeti za kabureta (vipande vyenye vitundu vidogo vya kupitishia petroli) usizizibue kwa waya wa chuma. Tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, kisha hewa ya kompresa, na funga chujio dogo kwenye mpira wa petroli kwa wiki za mwanzo.

Halafu, kwa kuwa Rift ametaja namba: kabla hujanunua hata plagi, linganisha namba ya injini na ya chasisi na zilizoandikwa kwenye kadi ya baba. Zikitofautiana, anzia TRA, mamlaka ya mapato inayosajili vyombo vya moto, na uhamisho wa jina ufanyeni pamoja naye. Bima nayo katia kabla ya kutoka barabarani.