Fundi kaniwekea Windows ya wizi, wana-Linux wamenifukuza kwa swali la printa. Wote mmenichosha

Wakuu, hodi. Najua nyuzi ndefu mnazisoma mkirukaruka, ila leo mtanivumilia. Hili jambo nimekaa nalo muda sasa na nikizidi kulinyamazia litanipasua.

Mimi ni mama wa staishenari. Kachumba kangu kako Morogoro, karibu na geti la chuo: mashine ya fotokopi, printa moja, kompyuta ya mezani na laptopu. Natoa CV, mikataba ya pango, fomu za mkopo wa elimu ya juu msimu wake ukifika, kadi za michango, ratiba za misa ya mazishi. Nayasema haya mapema ili asije mtu akaniuliza kwa nini nisinunue mashine mpya. Mashine mpya ni ada ya mtoto.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba, i5 jenereisheni ya sita, RAM GB 8. Ilikuwa inakimbia vizuri tu na Windows 10. Ikafika 14 Oktoba 2025, Windows 10 ikaachwa bila matunzo, miaka kumi na kidogo tangu itoke Julai 2015. Sawa, kila kitu kina mwisho. Lakini Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za Intel kuanzia jenereisheni ya nane, ukiacha chache sana. Kwa hiyo mashine nzima kabisa, kibodi haijachubuka, betri inashika saa tatu, inaambiwa imezeeka kwa sababu haimo kwenye orodha. Upo mwaka mmoja wa nyongeza ya ulinzi, hadi Oktoba 2026: ama ulipe dola 30, ama upewe bure ukikubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft, wenye Windows, na kuwaachia nakala ya mipangilio yako. Haya hakuna aliyeniambia. Nimeyasoma mwenyewe usiku, kwa bando la usiku, nikiwa nimeshaungua.

Nilikwenda kwa fundi. "Dada'angu, usihangaike, lete elfu ishirini nikupigie Eleven." Nikampa. Haikufika saa moja, mashine ikawaka na sura mpya. Nikamwuliza, mbona imekubali wakati mimi ilinikatalia? Akacheka. "Mambo ya ndani tuachie sisi."

Mambo ya ndani ni haya. Kwanza alitumia flashi iliyoondolewa ule ukaguzi wa TPM. Hilo silipigii kelele, ipo programu ya bure inaitwa Rufus inafanya hivyo na watu wanaitumia mchana kweupe. Kelele yangu ni kraki, yaani programu ya kuidanganya Windows ionekane ina leseni. Ili kraki ikubali, fundi anazima antivirusi kwanza, halafu anaiambia antivirusi hiyohiyo kwamba folda fulani isiiguse milele. Yaani mlinzi wa getini anafungwa macho, mgeni anaingizwa ndani, na mlinzi anaonywa asimwulize mgeni anakwenda wapi. Na mwenye nyumba hajaambiwa kitu. Kalipa elfu ishirini, kashukuru, kaondoka.

Wiki ya tatu tangu nitoke kwa fundi, feni ikaanza kulia kama jenereta hata nisipofungua chochote. Kivinjari kikawa kinajifungulia matangazo ya kubeti, mbele ya wateja, mchungaji mmoja akiwemo. Halafu ikaja siku ya yule binti wa mwaka wa tatu. Kaleta ripoti yake ya utafiti, tumechomeka flashi kwangu, nimechapa kurasa mbili, kaichomoa. Baada ya nusu saa karudi anakimbia. Folda zote zimegeuka njia za mkato. "Anti, kazi yangu iko wapi?" Mikono inamtetemeka.

Kwa wasiojua: kirusi hiki hakifuti kazi yako. Kinaificha, kinaweka njia ya mkato yenye jina lilelile, na ukiibofya ndiyo unakiamsha. Ipo amri ya attrib ya kuyafichua mafaili, ukiiandika vizuri yote yanarudi. Yalirudi, namshukuru Mungu. Lakini binti alishalia mbele ya foleni ya watu saba, na wote saba wakaondoka wakijua kwamba kwa mama yule flashi zinaambukizwa. Siku hizi nawaona wanapita mlangoni kwangu kwenda kwa jirani. Wengine wananisalimia kwa adabu kabisa.

Na bado sijafika penyewe. Kijana mmoja mteja wangu, yuko diploma ya mambo haya, aliniambia kwamba mashine za mtumba zilizotoka maofisini mara nyingi huja na leseni yake halali. Tangu enzi za Windows 8, viwanda vingi huandika ufunguo wa leseni ndani ya BIOS kabisa (programu ndogo ya kuwashia mashine, iliyo kwenye ubao wake), si kwenye diski, kwa hiyo hata diski ikifutwa ufunguo unabaki. Ukipiga toleo lilelile, mashine ikipata mtandao inajitambua yenyewe bila kraki wala baba yake kraki. Tukaangalia ya kwangu. Upo. Windows 10 Pro, halali, umekaa humo tangu kiwandani. Laptopu hii nimeshaipeleka kupigwa Windows mara tatu tangu niinunue, na mara zote tatu imerudi na kraki. Nilikuwa nalipa elfu ishirini nivuliwe leseni yangu halali nivalishwe ya wizi.

Nikaingia kwenye grupu la WhatsApp la mafundi wa huku, nilikuwemo tangu zamani kwa ajili ya kutafuta vipuri. Nikauliza kwa adabu: wakuu, kwa nini mnatuzimia antivirusi bila kutuambia, na kwa nini hamwangalii ufunguo wa BIOS kabla ya kufuta? Ujumbe ulikaa dakika nne, ukafutwa. Nikauandika tena. Nikatolewa. Admini akanifuata pembeni: "Dada unaharibu biashara za watu." Someni tena hayo maneno. Hakusema nimedanganya.

Kijana yule akaniambia, mama, achana nao, nikuwekee Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Akashusha Linux Mint, kama GB 3 hivi, usiku huohuo, akaiweka. Nitasema ukweli hapa ili mashabiki wasifurahi mapema wala mafundi wasinune. Feni imelala. Matangazo ya kubeti yamekwisha. Flashi yenye kirusi cha njia za mkato ikichomekwa nakiona kimekaa pale kama nzi kwenye kioo, hakina la kufanya, nakifuta kwa mkono. Updeti nazifanya ninapotaka mimi. Kabla ya hapo GB zangu za wiki zilishawahi kumezwa zote Jumatatu asubuhi kabla sijafungua duka.

Upande wa pili: mafaili ya Word yanafunguka kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, ila ukikosa fonti zinazolingana, ukurasa wa 40 wa mwanafunzi unakuwa wa 43 na yaliyomo yote yanahama. Calibri inabadilishwa na Carlito, Cambria na Caladea, zimepimwa upana sawa makusudi, ukiziweka mambo yanatulia. Kadi za michango ndizo zimenitoa jasho, kwa sababu mji mzima unatengeneza kadi kwa Publisher ya Microsoft na zikifunguliwa kwangu maharusi wanakaa juu ya maua. Lakini Publisher yenyewe wenyewe wameshatangaza kuiachisha baada ya Oktoba 2026, kwa hiyo hilo tutalilia wote.

Kilichobaki ni printa. Inatoa karatasi nyeupe pe. Nikaomba kuingia kwenye grupu la wapenzi wa programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, kama Linux), Watanzania watupu, nikauliza.

Jibu la kwanza: "English only please." Wakuu, grupu lina watu wa Mbeya, Tanga na Kigoma, na swali limeulizwa na mama wa Morogoro. Nikajikongoja kwa Kiingereza changu. Jibu la pili: soma mwongozo kwanza. La tatu: umeshatafuta Google? La nne, huyu ndiye aliyenichoma, "mkuu rudi Windows kwa mabwana zako, huku si kwa kila mtu". Kwanza mimi si mkuu, ni mama wa watoto wawili. Halafu admini akafunga mjadala kwamba swali lilishajibiwa 2019, akaweka kiungo. Nikakifungua. Printa nyingine, kampuni nyingine, na picha za maelekezo zimeshakufa. Nikaandika kwamba hili si jibu. Nikatolewa kwa "kubishana na uongozi".

Uongozi!

Sasa nawauliza ninyi mnaojiita watu wa programu huria, mnajua hata ilikoanzia? Ilianzia kwenye printa. Mnamo mwaka 1980 hivi, Richard Stallman alikuwa maabara ya akili mnemba ya chuo cha MIT, Marekani. Printa ya zamani pale alikuwa ameshaitengeneza programu yake ili karatasi ikikwama iwaambie waliotuma kazi. Ikaja printa mpya ya leza kutoka Xerox, inakwama vilevile, ila msimbo wake umefungwa. Akamfuata mtu wa chuo cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akanyimwa, kwa sababu yule ameshasaini kutomwonyesha mtu. Kinyongo hicho hakikumtoka, na tarehe 27 Septemba 1983 akautangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo mzima wa programu huria. Zana nyingi mnazojivunia kila mkifungua ile skrini nyeusi mzizi wake ni printa iliyokwama na mtu aliyenyimwa jibu. Na ninyi mmenifukuza kwa nini? Printa na jibu.

Msiniambie ukali ndiyo utamaduni wa Linux. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianza Helsinki 1991 akiwa na miaka 21, Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa maneno yake makali kwa wenzake, akakaa pembeni kwa muda, na mradi ukawekewa kanuni za mwenendo. Yeye kaiandika Linux na kaomba radhi. Wewe umeipakua tu, na unanitukana.

Na hiyo ya Kiingereza pekee mniondolee kabisa. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, walikaa wakatafsiri menyu moja moja wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, ambayo Mint yangu imejengwa juu yake, na hilo jina halihitaji mkalimani kwa mtu anayejua neno utu. Miaka zaidi ya ishirini baadaye Mtanzania anamfukuza Mtanzania kwa kuuliza kwa Kiswahili.

Sipingi kuwe na wasimamizi. Mimi mwenyewe ni admini wa grupu la wazazi wa shule, watu 140, na nafuta vitu kila siku: viungo vya kubeti, dawa za nguvu za kiume, maua ya asubuhi njema. Lakini ninayemfutia namwambia nimefuta nini na kwa nini, na akiona nimekosea wazazi wengine wanasikia. Grupu la mafundi angalau lilikuwa linalinda pesa, nawaelewa kwa ubaya wao. Hawa wa pili wanahubiri kwamba msimbo uwe wazi kila mtu aukague. Machi 2024 mlisherehekea, na mlikuwa na haki, pale mtaalamu wa programu Andres Freund alipoona kuingia kwenye mashine kwa mbali kunachelewa nusu sekunde, akachimba, akagundua mlango wa siri uliopandwa ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili. Angekuwa kwenye grupu lenu akisema "jamani hii kitu inachelewa nusu sekunde", mngemwambia asome mwongozo.

Mwisho, modi wa hapa, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la vichekesho. Swali langu bado lipo.

Printa ni ya leza, nyeusi tupu, inaunganishwa kwa USB. Karatasi ya majaribio inayotolewa na printa yenyewe ukibonyeza kitufe chake inatoka safi, kwa hiyo msiniambie tona. Kwenye Windows ilikuwa inachapa. Kwenye Mint foleni inasema kazi imekamilika, karatasi inatoka nyeupe. Draiva (programu ya kuiendesha printa) ni ya kiwandani, imefungwa, msimbo hauonekani (kama ile ya 1980, na hili limenichekesha kidogo), na ni ya biti 32 wakati mfumo wangu ni wa biti 64. Kijana amejaribu kuongeza maktaba za i386, yaani za biti 32, ikahama kutoka kosa kwenda hiyo nyeupe. Tumeiondoa na kuiweka upya mara mbili. Waya tumebadilisha.

Kesho nafungua saa mbili asubuhi, na kuna familia inataka nakala 60 za ratiba ya misa kabla ya saa nne. Anayejua aandike, kwa Kiswahili.