Nimehamishiwa helikopta ya skrini, macho yangu hayatoki tena nje

Kijana_Arusha
Wakuu habari za saa hizi. Mimi Mtanzania niko Nairobi nasomea urubani wa helikopta hapa uwanja wa ndege wa Wilson, nina masaa 23, yote kwenye R44 (helikopta ndogo) ya geji za sindano. Wiki iliyopita ile yetu ikaingia matengenezo nikapewa R44 nyingine yenye skrini za Garmin G500H na toka siku hiyo naona kama nimeanza upya kabisa. Kuhova, yaani kusimama hewani sehemu moja, kulishatulia, sasa inaelea huku na huku, nikitaka spidi ya noti 60 naikuta 52 au 70, zile namba zinakimbia kama za pampu ya mafuta na mimi nazifukuza. Juzi nimeinama kukuza ramani, kuinua kichwa tumeshashuka futi 300 na mwalimu alikuwa kanyamaza tu ananitazama. Iliniuma sana. Niombe kurudi kwenye sindano mpaka nimalize masaa 40 ya leseni au nikomae hapa hapa? Ndoto yangu ni uokoaji Kilimanjaro na naona kazi nyingi sasa ni skrini.

MapangaMawili
Pole mdogo wangu, komaa hapo hapo. Sindano ulikuwa huisomi, ulikuwa unaiona tu imelala upande gani, jicho linapita na kurudi nje. Namba inabidi uisome, kisha ukumbuke uliyokuwa unaitaka, ulinganishe, na hapo ndipo jicho linaganda. Halafu kumbuka R44 nyingi zenye hiyo G500H geji ya injini na rota (mapanga ya juu) imebaki ya sindano vile vile, kwahiyo kile kitu cha kukuokoa zaidi hakijahama. Na kwenye kuhova hakuna hata kimoja unachokihitaji kwenye skrini, tazama mbali, mti au paa la hanga (banda la ndege), sio nyasi zilizo miguuni.

Mimi nilivyofanya, nilimuomba mwalimu afunike skrini ya mbele kwa karatasi. Unapiga mzunguko mzima wa uwanja kwa pua ya helikopta ilivyokaa kwenye upeo wa macho na presha ya injini, unataja kwa sauti "sasa tuko 60", ndio anafunua. Mara ya kwanza nilikosea kwa noti 12, ya nne nikawa nakosea 3 tu. Masikio nayo yatumie, rota ikianza kupunguza mzunguko utaisikia kabla king'ora hakijalia.

Dada_wa_505
Naongezea kidogo mdogo wangu. Mimi nilitoka helikopta ya R22 nikaingia Bell 505 yenye G1000H, yote skrini. Kilichonisaidia ni kukaa chini hangani imechomekwa umeme wa nje, nabonyeza mpaka kidole kinajua njia chenyewe, kubadili frikwensi ya redio, kukuza ramani, na hasa skrini moja ikizima nyingine inabeba vipi. Jioni tatu tu. Sheria yangu mpaka leo, chini ya futi 500 sigusi kitufe ambacho sio cha lazima.

Ila usizichukie, kwenye 505 kuna geji moja inakuchagulia kati ya toki (nguvu ya kuzungusha), joto la injini na mzunguko wa sehemu ya injini inayozalisha gesi kipi kiko karibu kufika kikomo, sindano moja badala ya tatu. Kwa mtu anayeota Kilimanjaro hiyo ni kubwa sana. Wilson yenyewe iko kama futi 5,500, mchana wa nyuzi 25 hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 8,000 hivi, sasa piga hesabu ya huko juu.

Mzee_wa_Mawingu
Kijana wangu, mimi naogopa kile kipicha cha milima kinachochorwa kwenye skrini. Ni kizuri mno, mtu akikutana na ukungu anadhani bado anaona nje. Mwaka 2010 wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, walilinganisha ndege ndogo za skrini na za geji za kawaida (ndege za mabawa sio helikopta), zile za skrini zilikuwa na ajali chache kwa jumla ila za vifo kwa uwiano zikazidi. Na ile ajali ya mchezaji wa kikapu Kobe Bryant Januari 2020, helikopta ya Sikorsky S-76 ina vifaa vyote mpaka rubani wa otomatiki, rubani akaingia wingu, akasema redioni anapanda na kumbe anashuka. Watu 9 wakafa. Ukiona vilima vya Ngong vimefunikwa geuza mapema, kipicha kiseme kinachosema.

Kijana_Arusha
Shikamoo mzee, na asanteni sana wakuu. Leo asubuhi tumefunika kwa karatasi, mzunguko wa kwanza nimesema 60 kumbe 74, wa tatu nikapata 63. Kuhova kumerudi, nilitazama ule mlingoti wa kitambaa cha upepo tu. Dada, hangani nimeruhusiwa Alhamisi jioni, nianze na kuzima skrini au na frikwensi?

Dada_wa_505
Anza na kuzima. Na mwalimu awe pembeni yako.